Bagamoyo na Dar es Salaam: Mji Bora kwa Nani?

Kila ninapofundisha historia ya pwani yetu huwauliza wanafunzi: mwaka 1890 mngehamia Bagamoyo au Dar es Salaam? Wengi hujibu Dar es Salaam, kwa kuwa wanaujua mwisho wa hadithi. Mfanyabiashara wa wakati ule angewashangaa.

Bagamoyo ilikuwa kikomo cha njia ya misafara kutoka Ujiji na Tabora. Huko pembe za ndovu zilipakiwa majahazini na wapagazi walitua mizigo yao. Dar es Salaam, kwa upande wake, ilikuwa imezorota: Sultani Majid, aliyeanza kuijenga miaka ya 1860, alifariki mwaka 1870, na mrithi wake Barghash hakuiendeleza.

Hata hivyo, mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam. Bahari ya Bagamoyo ina kina kifupi. Meli kubwa hulazimika kutia nanga mbali. Bandari ya Dar es Salaam ina kina na kinga. Mwaka 1905 ujenzi wa reli ya kati ukaanzia hapo, ukafika Kigoma mwaka 1914. Misafara ikatoweka, na Bagamoyo ikafifia.

Dola ilichagua kwa mahitaji ya meli zake, mpagazi hakuulizwa. Basi, tunapotekeleza uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma, tusiulize tu mji upi ni bora. Tuulize ni bora kwa nani, na wanaoachwa nyuma wataishi kwa kazi gani.