Chungu cha Watu Wengi: Nyama na Maharage katika Historia ya Kariakoo

Historia ya miji aghalabu huandikwa kwa kufuata majumba yake, watawala wake na vita vyake. Ni mara chache mwanahistoria huingia jikoni. Lakini mji ni mkusanyiko wa watu ambao wengi wao hawalimi chakula wanachokula, na kila kunapokucha hapana budi walishwe. Nani awalishe, kwa chakula gani, na kwa jasho la nani, ni maswali ya historia sawasawa na maswali ya vita na mikataba. Katika Dar es Salaam hapana mahali panapoyajibu maswali hayo vizuri kuliko Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kwa jeshi la wapagazi, na ambao soko lake lililisha mji tangu miaka ya 1920. Chakula kimoja chatosha kuwa kipimo: nyama ya ng'ombe na maharage, vilivyopikwa katika chungu kimoja kwa ajili ya watu wengi.

Chakula hiki chaonekana kuwa cha asili, na mlaji hakitilii shaka. Hata hivyo nusu ya vilivyomo chunguni ni wageni. Ng'ombe wamefugwa Afrika Mashariki kwa maelfu ya miaka, na kunde ni mmea wa Afrika. Lakini maharage, pilipili na nyanya asili yake ni Amerika. Havikujulikana katika pwani hii kabla ya Wareno kuizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kufika huku mwaka 1498. Vilikuja kwa merikebu za watu waliokuja kutafuta mali, vikabaki baada ya ngome zao kuanguka. Mgeni aliyekuja na bunduki alifukuzwa. Mgeni aliyekuja na mbegu akapewa shamba.

Kupika chakula hiki kwa watu wachache si kazi kubwa. Kukipika kwa watu mia ni elimu. Ikiwa kila mtu atapewa gramu 80 za maharage makavu, watu 100 watahitaji kilo 8, na nyama isipungue kiasi hicho ikiwa mwenye shughuli hataki kusemwa. Maharage huchambuliwa ili mawe yatoke, huoshwa, kisha hulowekwa usiku kucha, na maji yale humwagwa. Nyama inayofaa si ile laini ya bei kubwa, bali ya shingo, kidari na muundi, yenye kano nyingi. Kano hizo huyeyuka polepole na kuufanya mchuzi uwe mzito. Nyanya hazitiwi mapema, kwa kuwa ukali wake huyazuia maharage yasilainike. Kwa hiyo maharage huchemshwa peke yake, nyama huchemshwa peke yake, na vitunguu, nyanya, bizari na pilipili hukaangwa kando. Halafu vyote hukutanishwa juu ya moto mdogo mpaka vizoeane. Katika kazi hii yote, kitu kinachotumika kwa wingi kuliko vyote si nyama wala maharage, bali ni wakati, na pamoja na wakati, kuni.

Jambo hilo si la ladha tu. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili ambayo huharibika kwa kuchemshwa kwa nguvu, na haiharibiki kwa kupashwa moto hafifu. Anayekula maharage mabichi au yaliyoiva nusu hutapika na kuhara. Mtu mwenye afya njema hupona baada ya muda mfupi. Lakini mtu aliyechoka, aliyelowa mvua na aliye mbali na kwao, tumbo lake ndilo mlango wa mauti. Elimu hii ya jikoni haina budi kukumbukwa na kila anayetaka kuelewa jina la Kariakoo.

Wajerumani walipouhamishia makao makuu ya utawala wao Dar es Salaam mwaka 1891, mji ulikuwa mdogo, umezeeka kabla ya kukua, kwa kuwa Sultani Majid bin Said wa Zanzibar aliyeuanzisha katika miaka ya 1860 alikufa mwaka 1870. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka bandarini mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914. Reli hiyo ndiyo iliyoufungua mji kwa nyama ya bara, kwa kuwa ng'ombe wa nchi za Dodoma, Tabora na Unyamwezi waliweza kuletwa pwani kwa mabehewa. Magharibi ya kiwanja cha Mnazi Mmoja, mahali palipokuwa na mashamba ya minazi, Wajerumani walianza kupima mtaa wa Waafrika na kujenga jengo la soko. Kabla jengo hilo halijapata kazi yake, Vita Kuu ya Kwanza ilianza.

Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916. Jeshi lao lilikuwa limeandika wapagazi kwa mamia ya maelfu, kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika yenyewe na nchi nyingine, maana mbung'o waliwaua farasi na punda, na barabara za magari zilikuwa chache. Kikosi cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na pale kilipopiga kambi, penye jengo lile la soko na viwanja vyake, ulimi wa Kiswahili ukaliita jina hilo Kariakoo. Nairobi nayo ina mtaa wenye jina lenye asili hiyo hiyo.

Wapagazi hao waliubeba mzigo wa vita na hawakulishwa kama wabeba mzigo. Posho yao kubwa ilikuwa unga wa mahindi, na wakati mwingine mchele na maharage. Wengi walitoka katika nchi za ndizi au za mtama, na unga wa mahindi haukuwa chakula chao. Mara nyingi unga wenyewe ulikuwa umesagwa vibaya. Mpagazi alitembea mchana kutwa na mzigo kichwani, akafika kambini magharibi, kuni zimelowa, sufuria ni moja kwa watu wengi, na alfajiri safari ilimngoja. Hakupewa saa za kuloweka wala saa za kuchemsha. Alikula kilichoiva nusu, kesho yake akaendelea kutembea. Maradhi yaliyowaua wapagazi yalikuwa mengi zaidi kuliko risasi, na kuhara damu kulikuwa katika mstari wa mbele wa maradhi hayo. Hesabu za Waingereza ziliandika vifo zaidi ya 40,000 vya wapagazi wao. Wanahistoria waliozichunguza wameona kwamba idadi ya kweli ilikuwa kubwa kuliko hiyo, na wapagazi wa upande wa Wajerumani hawamo katika hesabu hiyo. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 yawataja wapagazi katika maandishi yake kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Tumbo halikutajwa, na hapo ndipo walipokufia.

Vita vilipokwisha, jengo la soko likarudi katika kazi lililokusudiwa, na tangu mwaka 1923 Kariakoo pakawa soko kuu la Waafrika wa Dar es Salaam. Waingereza waliugawa mji sehemu tatu, wakaweka kiwanja cha Mnazi Mmoja kiwe mpaka wa wazi kati ya mitaa ya biashara ya Wahindi na nyumba za Waafrika. Nyumba za Kariakoo zilijengwa kwa namna ya Kiswahili: ukumbi wa katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma yake ua. Kila chumba chaweza kuwa na mpangaji wake, Mzaramo huku, Mnyamwezi kule, Mmanyema mkabala wao. Lakini ua ulikuwa mmoja, na mafiga yalikuwa katika ua huo. Hivyo watu waliotenganishwa na makabila walikutanishwa na moshi. Ilipotokea harusi, hitima au matanga, mwanamke hakupika peke yake. Majirani walileta sufuria, mwiko na mikono, na deni hilo halikuandikwa popote ila katika kumbukumbu. Aliyepikiwa leo alijua kwamba kesho ni zamu yake kupika.

Mji ulipokua, wanaume waliokuja kutafuta kazi bila wake zao waliongezeka. Makuli wa bandarini walilipwa kwa siku, na siku isiyo na meli haikuwa na mshahara. Kwao bei ya sahani moja ya chakula ilikuwa ndiyo siasa. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, wakati Vita Kuu ya Pili ilipokuwa imepandisha bei za vitu na chakula kugawiwa kwa kipimo. Mwezi Septemba 1947 mgomo ulioanzia bandarini Dar es Salaam uliifuata reli mpaka bara, njia ile ile iliyoleta ng'ombe. Madai yao yalikuwa ya mshahara. Lakini mshahara, kwa mtu anayekula kwa siku, ni jina jingine la chakula.

Chama cha TANU kilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba moja ya mtaa huo huo wa Kariakoo, viongozi wake walihitaji watu, na watu walikuwa wamekwisha kukusanywa na wengine. Bibi Titi Mohamed, aliyeongoza sehemu ya wanawake ya chama tangu mwaka 1955, alikuwa mwimbaji mashuhuri wa ngoma, na aliwaendea wanawake wenzake katika vyama vyao vya ngoma. Vyama hivyo havikuwa vya kucheza tu. Vilikuwa na viongozi, michango, na desturi ya kusaidiana katika harusi na misiba, yaani desturi ya kulisha umati bila kungoja amri ya serikali. Wengi wa wanawake hao hawakuwa na mwajiri Mzungu wa kuwafukuza kazi kwa ajili ya siasa. Waliishi kwa kuuza maandazi, pombe na vyakula. Wanaume wengi wenye kazi za serikali walikatazwa kujiunga na chama. Hivyo uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 ulipitia pia katika ua wa nyumba za Kariakoo, ingawa vitabu vingi vilichelewa kuuona mlango huo.

Baada ya uhuru soko la zamani halikutosha. Jengo jipya lililobuniwa na Mtanzania Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, lenye paa la miavuli mikubwa ya zege. Lakini miaka hiyo hiyo hali ya uchumi ilianza kuwa ngumu, na thamani ya mshahara ikaporomoka. Wanawake wakatoka uani na sufuria zao, wakakaa kando ya barabara, karibu na viwanda, bandari na masoko. Wateja waliwaita mama ntilie, kwa kufupisha maneno ya mwenye njaa anayenyosha sahani: mama, nitilie. Wali kwa maharage ukawa chakula cha mfanyakazi wa kila aina, na aliyekuwa na zaidi aliongeza nyama. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwahesabu wengi waliojitafutia riziki mitaani kuwa watu wasio na kazi, wakakamatwa ili wapelekwe mashambani. Ajabu ya sheria hiyo ni kwamba karani aliyeandika majina yao asubuhi, mchana alihitaji kula, na mshahara wake haukumfikisha hotelini. Katika miaka iliyofuata mkazo ulilegea, na mama ntilie akarudi mahali pake, kwa kuwa njaa haikupata kuhamishwa na sheria hiyo.

Jambo hili halikutokea Dar es Salaam peke yake. Katika mji wa San Antonio, Texas, katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wanawake wenye asili ya Meksiko walipika nyama ya ng'ombe kwa pilipili, wakaiuza usiku katika viwanja vya wazi, mara nyingi pamoja na maharage. Chakula chao, chili, kilipelekwa katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka 1893, na baadaye kikatiwa makoponi na wenye viwanda. Wanawake wenyewe waliondolewa viwanjani katika miaka ya 1930 na 1940 kwa amri za afya za mji. Mwaka 1977 jimbo la Texas likakitangaza chakula hicho kuwa chakula chake rasmi. Mpishi alifukuzwa, chungu chake kikapewa heshima.

Mifano hii yaonyesha kwamba kulisha umati si jambo dogo linalofuata nyuma ya mambo makubwa. Kambi ya mwaka 1916 ilikuwa na serikali, jeshi, stoo na maafisa, ila haikutoa wakati wa maharage kuiva, na watu walikufa kwa makumi ya maelfu. Ua wa Kariakoo haukuwa na chochote katika hivyo. Ulikuwa na mafiga, mikono ya jirani, na mtu aliyekubali kuamka alfajiri ili chakula kiwe tayari adhuhuri. Wakati huo wa mpishi haukuandikwa katika hesabu za mji, wala haukulipwa kwa kadiri ya thamani yake. Moto ulioliteketeza jengo la soko mwezi Julai 2021 uliuonyesha umma ukubwa wa hasara ya mali, maana mali ina daftari. Kazi ya wapishi haina daftari, na mwanahistoria wa Dar es Salaam atakayetaka kuihesabu itampasa aanze na maharage yaliyolowekwa jana.