Waheshimiwa juu, wakulima chini
Chemchemi iliyopo uwanja mkuu wa Perugia, Italia, ilikamilika 1278. Waliochonga ni Nicola Pisano na mwanawe Giovanni; maji yaliletwa kwa mfereji kutoka Mlima Pacciano. Beseni la juu limezungukwa na watakatifu na manabii na, hebu ona, katikati yao kasimama Matteo da Correggio, mtawala wa mji wakati huohuo! Sisi waandishi wa habari tunaijua sana tabia hiyo. Mawe ya msingi tunayoyapiga picha kila wiki yamejaa majina ya waheshimiwa.

Mimi lakini navutiwa zaidi na beseni la chini, karibu na mteka maji. Huko kila mwezi una kazi yake: Juni watu wanavuna ngano, Septemba wanakanyaga zabibu, Desemba wanachinja nguruwe.