Uwazi wa Mnazi Mmoja

Ikiwa unao jamaa Gerezani au Kariakoo, au wewe mwenyewe ni mzaliwa wa huko, basi siku moja itafute ramani ya zamani ya Dar es Salaam uitandike mbele yako. Usisome majina kwanza, tazama mistari. Mitaa ya bandarini yapinda kwa kufuata ufuo. Mitaa ya Kariakoo imenyooka na kukatana kama ubao wa drafti. Na baina ya sehemu mbili hizo pana uwazi, nao ndio Mnazi Mmoja. Uwazi ule haukuja wenyewe.

Sayyid Majid bin Said wa Unguja alipoanza kuujenga mji huu miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima, Kariakoo haikuwako. Alifariki mwaka 1870, na nduguye Sayyid Barghash hakuushughulikia sana, hata majumba mengine yakageuka magofu. Wajerumani wakaingia mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo. Mwaka huohuo wakatoa sheria ya ujenzi. Isome sheria hiyo kwa makini, kwani haikusema Mzungu akae hapa na Mwafrika akae pale. Ilisema tu nyumba ya namna gani ijengwe wapi: mbele, upande wa bahari, nyumba za Kizungu, nyuma kabisa, nyumba za udongo na makuti. Sasa mvuvi wa Kizaramo au mchukuzi wa bandarini angeipata wapi nyumba ya Kizungu? Watu walitengwa pasi na kutajwa.

Hapo Kariakoo palikuwa na shamba la Mjerumani aitwaye Schoeller. Serikali ililinunua kabla ya vita ili liwe mji wa Waafrika, nalo likapimwa viwanja na kuanza kujengwa soko. Vita ya 1914 ikaingia kati. Waingereza walipoutwaa mji Septemba 1916, waliwaweka pale wapagazi wa jeshi lao, kikosi walichokiita Carrier Corps. Ulimi wa watu ukakifanya Kariakoo. Soko halikufunguliwa mpaka mwaka 1923.

Hapa yafaa tutue kidogo. Mizigo ya vita ile ilibebwa vichwani, kwani mbung'o waliwaua farasi na punda. Wapagazi walikufa maelfu kwa maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi bali na maradhi na njaa. Mwaka 1927 Waingereza walisimamisha sanamu katikati ya mji, nayo ni ya askari mwenye bunduki. Mpagazi hakusimamishwa juu yake. Wala si mpima ardhi aliyempa mtaa huu jina lake. Jina hilo lilitoka vinywani mwa wenyeji, na ramani ikalifuata.

Waingereza nao waliushika mstari uleule. Mwaka 1924 waliugawa mji mafungu matatu kwa kanuni za ujenzi, na Mnazi Mmoja ukabaki wazi baina ya mji wa Waafrika na mji wa wengine, kwa hoja ya afya. Ukaja mpango wa mwaka 1949, na ndani yake hutaona tena habari ya aina za nyumba. Sasa waambiwa kuna sehemu za msongamano mdogo, wa kadiri na mkubwa. Linganisha na ramani za nyuma yake, utaona kuwa waliokaa kila sehemu ni walewale.

Upande wa pili wa uwazi watu hawakukaa wakingoja. Mwaka 1929 iliundwa African Association, ikajenga jumba lake pembeni mwa New Street. Mwaka 1933 ikaundwa Al-Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, nayo ikafungua skuli ili watoto wapate elimu ya dini na ya dunia pamoja. Na katika jumba lile la New Street ndimo ilimozaliwa TANU, tarehe 7 Julai 1954. Mtaa huo leo ni Lumumba, na Kipata ya Gerezani imekuwa Mtaa wa Kleist Sykes. Kwa hiyo mtu anayemtafuta babu yake katika karatasi za zamani ajue kwanza mtaa uliitwaje wakati ule, la sivyo atatafuta mtaa usiopo.

Soko la Wajerumani halipo tena. Mahali pake pamesimama soko lililobuniwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, ambalo liliungua Julai 2021. Nyumba za Kiswahili, zile za ukumbi mrefu na vyumba huku na huku, nyingi zimebomolewa na maghorofa yakapanda. Mitaa yenyewe ingali imenyooka vilevile.

Na ule uwazi uliowekwa ili watu wasichanganyike, asubuhi ya Idi hutandikwa mikeka, na watu hutoka Gerezani, Kariakoo, Upanga na Kisutu wakaja kusali hapo safu moja.