Ulowezi wa Kura

Mwaka 1963 serikali ya Kabaka, mfalme wa Buganda, kule Mengo ilianza kuwapeleka Waganda waliowahi kuwa askari, wengi wao wazee wa Vita vya Pili vya Dunia, wakaishi Ndaiga, kwenye ukingo wa Ziwa Albert ambalo Wanyoro huliita Mwitanzige. Kabaka Mutesa II, aliyekuwa pia Rais wa Uganda tangu Oktoba ya mwaka huo, alikwenda kukaa huko na watu wake. Aliyetazama kwa mbali angedhani ni mpango wa mashamba na uvuvi kwa wanajeshi waliosahauliwa. Lakini Ndaiga ilikuwa ndani ya saza la Buyaga, na Buyaga ilikuwa ikisubiri kura ya maoni.

Kwa jambo hili Kiswahili kina maelezo lakini hakina jina. Tunasema: kikundi kuchagua sehemu ya mashambani yenye watu wachache, kisha kuhamia huko kwa pamoja ili kishike madaraka au kigeuze kura. Maelezo hayo ni sahihi, ila ni marefu mno kwa kichwa cha habari, na mwandishi anayelazimika kuyarudia mara tano katika ukurasa mmoja ataanza kutafuta njia ya mkato. Njia ninayoipendekeza ni ulowezi wa kura. Kabla ya kuitetea, inafaa tuione Ndaiga vizuri, kwa sababu neno likishindwa kuibeba Ndaiga halina kazi hapa Uganda.

Tuanze na saza lenyewe. Msomaji wa Kenya akisikia kaunti huona gavana, bunge la kaunti na zile kaunti 47 zilizoanza kazi mwaka 2013. Ya Uganda ni ndogo zaidi: iko kati ya wilaya na gombolola (kaunti ndogo), na watu huiita saza, neno ambalo Waganda na Wanyoro wanalo wote. Kwa Mswahili wa pwani kusaza ni kubakiza chakula sahanini, na avumilie.

Wanyoro walikuwa na masaza waliyoyaita yaliyopotea. Katika vita vya miaka ya 1890 Waingereza, wakisaidiwa na Buganda, walimpiga Kabalega, Omukama (mfalme) wa Bunyoro. Alipigana msituni mpaka alipokamatwa mwaka 1899 na kupelekwa Shelisheli. Ardhi ya kusini na mashariki ya ufalme wake ilikabidhiwa Buganda, na Mkataba wa 1900 ukaithibitisha kwa kuyaorodhesha masaza 20 ya Buganda, Buyaga na Bugangaizi yakiwemo. Kwa Wanyoro hiyo haikuwa ramani tu. Makaburi ya wafalme wao yalibaki upande wa pili, watoto wao walifundishwa kwa Kiganda, na ardhi nzuri ikaingia katika hati za mailo, yaani umiliki wa kudumu, za wakuu wa Buganda ambao wengi hawakuwahi kuishi huko. Tangu 1921 kamati ya Wanyoro wa Mubende ililipigania jambo hilo kwa barua na maombi yasiyokwisha.

Uhuru ulipokaribia, tume ya Lord Munster ilipendekeza kura ya maoni. Tume iliyofuata, ya Lord Molson, ilipendekeza Buyaga na Bugangaizi zirudishwe Bunyoro moja kwa moja. Waingereza wakaona heri kuahirisha: masaza hayo mawili yangetawaliwa na serikali kuu, na kura ingepigwa si chini ya miaka miwili baada ya 9 Oktoba 1962. Katika miaka hiyo miwili ndipo Ndaiga ilipozaliwa.

Hesabu ya Mengo haikuwa ya kijinga. Anayetaka kugeuza kura kwa kuhamisha watu hawapeleki Kampala, ambako elfu tatu wangepotea kama chumvi baharini. Hutafuta mahali penye wapiga kura wachache, ardhi ya bure au ya bei nafuu, na mpaka wa kiutawala unaohesabiwa peke yake. Sharti hilo la tatu ndilo linalosahaulika, nalo ndilo linaloifanya kaunti ipendwe kuliko wilaya au nchi nzima: ndogo kiasi cha kushindika, kubwa kiasi cha kuwa na ofisi, kiti au uamuzi wake wenyewe. Buyaga ilikuwa nayo yote matatu. Upande wa ziwani ulikuwa na nafasi, na matokeo ya kila saza yangehesabiwa mbali mbali.

Kura ilipigwa 4 Novemba 1964. Buyaga: 8,327 kurudi Bunyoro, 1,289 kubaki Buganda. Bugangaizi: 3,275 kwa 2,253. Hesabu hizo zinaonyesha kwamba Mengo, hata kwa mantiki yake yenyewe, ilichagua saza baya. Buyaga ilihitaji watu zaidi ya elfu saba wa ziada ili igeuke. Bugangaizi ilihitaji elfu moja na kidogo. Sishangai kwamba hawakujua, maana hakuna aliyejua mpaka masanduku yalipofunguliwa. Hata hivyo ziwa na ardhi tupu vilivutia kuliko hesabu, na hilo si la Mengo peke yake.

Lakini hata saza sahihi lisingewasaidia. Serikali kuu ya Waziri Mkuu Milton Obote ilipitisha sheria kwamba watakaopiga kura ni wale tu waliokuwa katika daftari la wapiga kura la mwaka 1962. Kwa mstari huo mmoja wazee wa Ndaiga wakageuka watazamaji. Serikali ya Kabaka ilipinga mahakamani, kesi ikapanda mpaka kwenye baraza la rufaa la Malkia kule London, na rufaa ikaanguka. Masaza yalirudi Bunyoro mwanzoni mwa 1965. Kabla ya hapo Michael Kintu, Katikkiro (waziri mkuu) wa Buganda, alikuwa amejiuzulu, Mutesa alikuwa amekataa kutia saini sheria za kuyahamisha masaza hayo, na ufa uliofunguka hapo kati ya Kabaka na Obote ulikuwa miongoni mwa nyufa zilizolipuka mwaka 1966, Obote alipomwondoa Kabaka kwa jeshi.

Sasa jina. Uhamiaji wa kisiasa, ambalo ndilo humjia kwanza mtu mwenye haraka, lina matatizo mawili. Tanzania na Kenya Uhamiaji ni idara ya pasipoti na vibali, na msomaji atafikiri tunazungumzia foleni. Tena linagusana mno na mkimbizi wa kisiasa, ambaye anakimbia siasa. Huyu wetu anaikimbilia. Uhamishaji nao umechukuliwa: kwa Mtanzania mwenye umri unarudisha Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, serikali inapakia na mtu anashushwa. Skimu ya makazi, kama wanavyosema wa Mpeketoni kule Lamu, inataja viwanja na kuficha lengo. Kwa kweli Ndaiga iliitwa skimu kwa sababu hiyo hiyo.

Kuna maneno ya mtaani, na ni mazuri kuliko ya ofisini. Msimu wa uchaguzi husikika wapiga kura wanasombwa. Kusomba ni kwa lori: mtu anapakiwa alfajiri, anapiga kura, anarudi kwao jioni na posho mfukoni. Zanzibar na Bara wanamwita mtu wa aina hiyo mamluki. Haya yana ukali unaostahili, lakini yanataja siku moja. Mzee wa Ndaiga alikuja na mke na jembe. Hakusombwa.

Kulowea kunafika mahali ambapo hayo hayafiki. Ni kukaa ugenini mpaka mgeni awe na mzizi, aliyelowea akahesabika wa pale. Kitenzi hicho kina muda ndani yake, na muda ndio hasa unaobishaniwa. Kila sheria inayojaribu kuzuia jambo hili hufanya hivyo kwa kuuliza umekaa siku ngapi. Zanzibar, ambako hofu ya kura za watu wa kuletwa ni ya zamani, iliweka sharti la mpiga kura kuwa mkaazi wa jimbo kwa miezi 36. Obote alirudisha saa nyuma miaka miwili. Zote mbili ni namna ya kusema: hujalowea bado.

Watasema mlowezi ni Mzungu wa Nyanda za Juu za Kenya, mwenye farasi na bunduki. Ndiyo, harufu hiyo ipo, na mimi siioni kuwa kasoro. Mwenyeji wa mahali palipochaguliwa na kikundi cha nje huwaona hao wageni kwa jicho hilo hilo, hata wakiwa jirani zake weusi wa ufalme wa pili. Na mpango maarufu kuliko yote wenye jina la Uganda ulikuwa wa aina hiyo. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea Wazayuni, Wayahudi waliotafuta nchi yao, eneo la kujitawala. Kongamano lao la Basel likapiga kura 295 kwa 178 kupeleka wachunguzi, na mwaka 1905 likaukataa. Uwanda wenyewe ni Uasin Gishu, uliotolewa Uganda na kuingizwa katika himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902, kwa hiyo Mpango wa Uganda ulihusu ardhi ambayo tayari ilikuwa ya Kenya ya leo. Waliouchora London waliuita mtupu. Wanandi na Wamaasai hawakuulizwa. Huo ni ulowezi, lakini wa kupata nchi. Wa kura unahitaji nchi yenye sanduku tayari.

Nje ya Afrika mfano ulio karibu na Ndaiga ni wa kaunti ya Wasco, Oregon, yenye watu kama elfu ishirini wakati huo. Wafuasi wa mwalimu wa kiroho kutoka India, Bhagwan Shree Rajneesh, walinunua ranchi huko mwaka 1981 wakajenga mji wao. Mwaka 1984 walileta kwa mabasi maelfu ya watu wasio na makao kutoka miji mbalimbali ya Marekani ili wajiandikishe kupiga kura. Ofisa wa kaunti aligundua mchezo akasimamisha uandikishaji wa wapya. Kabla ya hapo baadhi ya viongozi wa kikundi walikuwa wamejaribu njia nyingine: kutia vijidudu vya salmonella kwenye saladi za mikahawa, watu 751 wakaugua, ili wenyeji wasiweze kwenda kupiga kura. Waliokuja kwa mabasi walisombwa. Waliojenga mji walikuwa walowezi. Tukio moja, maneno mawili, na Kiswahili kinayatenga bila shida.

Kuna neno la Kinyoro ambalo mwandishi wa Uganda hawezi kulikwepa: bafuruki, waliohama wakaja. Limewekwa hasa kwa Wakiga. Wao walianza kutoka Kigezi miaka ya 1940, milima ilipobanana, kwa mpango wa kikoloni. Wengine walifika Bugangaizi miaka ya 1990 baada ya kuondolewa katika ushoroba wa msitu wa Kibale. Walitaka shamba. Hakuna aliyewapeleka kugeuza kitu. Lakini walizaa, wakajiandikisha, na mwaka 2002 Mkiga Fred Ruremera akashinda uenyekiti wa wilaya ya Kibaale, ambayo ndani yake yalikuwamo masaza yale yale ya Buyaga na Bugangaizi. Wanyoro wakapandwa na hasira, Rais Museveni akaingilia, na kiti kikaenda kwa mtu wa maelewano, George Namyaka. Mwaka 2009 barua ya Museveni iliyopendekeza nafasi kuu za kisiasa Bunyoro ziachiwe Wanyoro ilizua zogo nchi nzima.

Kwa hiyo Wakiga walifika pale ambapo Mutesa alishindwa, kwa kutokuwa na mpango. Kuwaita walowezi wa kura ni kosa, kwa sababu istilahi inataja nia ya waliochagua mahali, na hao hawakuchagua kwa ajili ya kura. Kuwaita bafuruki ni kuchukua lugha ya upande mmoja. Wahamiaji inatosha, hata kama foleni ya pasipoti itamjia mtu akilini.

Pingamizi moja sijaliondoa. Mganda wa Ndaiga angesema: hii ilikuwa Buganda kwa miaka sabini, mimi nimehamia nyumbani. Gazeti linalosomwa Mengo na Hoima, makao ya Bunyoro, haliwezi kumjibu kwa neno lililokwisha kumhukumu. Nafikiri katika habari mhariri aandike makazi ya Ndaiga, na ulowezi wa kura uingie kwenye uchambuzi, mahali ambapo mwandishi anaweka jina lake chini ya anachodai.