Ardhi Iliyodhaniwa Tupu

Wageni wanaotembelea kaskazini mwa nchi yetu huifuata njia moja tu, kama siafu. Hutoka Arusha wakapita Mto wa Mbu, wakapanda Karatu, wakaingia Ngorongoro na Serengeti, kisha hurudi kwa njia ile ile wakiwa na picha za simba. Pale Karatu ipo barabara nyingine inayoelekea kusini, Mbulu. Ni wachache wanaoifuata, na wengi wa hao wachache ni wenyeji wanaorudi nyumbani na magunia yao juu ya basi.

Nilipofikisha miaka sabini na kitu niliamua kuipita barabara hiyo hadi mwisho. Nimefundisha historia maisha yangu yote ya kazi, mwishowe nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na mwalimu wa historia anayeijua nchi yake kwa ramani ya ukutani tu hajaijua. Mpwa wangu alikubali kuendesha. Yeye huniita mjomba nami humwita mjomba, kwa hiyo ndani ya gari walikuwamo wajomba wawili, debe la maji na spea mbili. Tulipanga siku tano, na kila penye kitu cha kuona tungeshuka na kutembea kwa miguu.

Kwanza msomaji aelewe ni nchi gani hii. Mbulu na Hanang zilikuwa wilaya moja hapo zamani, zikiwa chini ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Ukichukua eneo hili pamoja na mipaka yake ya Singida utasikia Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi. Kidatoga, ambacho ni cha Kiniloti. Kinyaturu na Kinyiramba, ambazo ni za Kibantu. Na Kihadzabe chenye vidoko, ambacho wataalamu hawajaweza kukipatia ndugu popote. Sijui kama ipo sehemu nyingine Afrika ambako mtu anaweza kuvuka mipaka mikubwa namna hiyo kwa siku mbili za mwendo.

Tulianzia Irqwar Da'aw, milima ya Kainam na Murray iliyo juu ya mji wa Mbulu. Hapa ndipo Wairaqw wanapopaita nyumbani, hata aliyezaliwa Karatu. Tuliliacha gari tukatembea nusu siku. Kila mteremko umelimwa, na kila shamba lina ukingo wa majani au mfereji wa kuyapeleka maji pasipo madhara. Ng'ombe hulala ndani pamoja na watu, na samadi hubebwa hadi shambani. Mpwa wangu, ambaye ni mtu wa hesabu, aliniuliza ni nani aliyebuni mpango huu. Swali zuri, na wasomi wamelibishania.

Vitabu vya zamani vilieleza kwamba Wairaqw walibanwa mlimani na Wamasai, hivyo wakalazimika kulima kwa bidii kipande kidogo walichobaki nacho. Kwamba ni baada ya sotoka kuua ng'ombe wa Wamasai, miaka ya 1890, ndipo walipoweza kushuka na kuenea. Ni maelezo yenye mvuto, na mwanafunzi huyakumbuka siku ya mtihani. Lakini mwaka 2004 Lowe Börjeson wa Chuo Kikuu cha Stockholm alitoa utafiti uliouweka mashakani huo mzingiro. Alionyesha kwamba kilimo kile kilijengwa kidogo kidogo, jembe kwa jembe, na watu waliokuwa wakifanya kazi zao za kila siku, si kwa sababu ya kuzingirwa. Ukitembea pale unamwelewa. Ukingo wa majani hauonekani kuwa ni kazi ya mtu aliyejificha. Unaonekana kuwa ni kazi ya mtu aliyeukuta kwa baba yake akauongeza kidogo.

Niliporudi mjini nilimkumbusha mpwa wangu habari nyingine ya Mbulu isiyotajwa sana. Katika uchaguzi wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na 58 kati ya hivyo bila kupingwa. Kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU mwenyewe, alisimama kama mgombea binafsi dhidi ya mgombea wa chama, akashinda. Watu wa huku hawapangiwi jambo kirahisi.

Siku ya tatu tuliteremka bonde la Yaeda, kwa Wahadzabe. Joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Wahadzabe ni watu elfu moja na kitu, na wapo miongoni mwao ambao hadi leo wanaishi kwa mizizi, asali, ubuyu na nyama ya porini. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwaweka katika makazi ya kudumu pale Yaeda Chini, lakini wengi wakarudi porini. Kwa macho ya mkulima pori lile halina mwenyewe, maana halina shamba. Kwa macho ya mfugaji ni malisho ya bure. Hivyo kila mwaka lilipungua. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde hili walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, kwa zaidi ya hekta 20,000, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Tangu hapo wamekuwa wakiuza hewa ukaa, yaani wanalipwa kwa miti wasiyoikata. Mzee mmoja aliponieleza hayo alicheka kidogo, nami nikacheka naye.

Tulilala Haydom, penye hospitali ya Walutheri iliyojengwa na wamisionari wa Norwei na kufunguliwa mwaka 1955. Kesho yake tukaelekea Basotu, wilaya ya Hanang. Kwangu mimi hapo ndipo ulipokuwa moyo wa safari.

Basotu ina ziwa zuri lenye viboko, na kulizunguka ipo nchi tambarare yenye udongo mweusi ambayo jicho halifiki mwisho wake. Ni nchi ya Wabarbaig, ambao ni tawi la Wadatoga. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilianzisha hapa mashamba ya ngano. Yalifikia saba, nayo majina yao ni ya hapo hapo: Basotu, Mulbadaw, Setchet, Murjanda, Gawal na mengineyo. Jumla yake ilikaribia ekari laki moja. Zilikuja kombaini na matrekta makubwa, na mkate wa mijini ulitokana na ngano hii. Sisi walimu tuliyataja mashamba haya darasani kwa fahari, na fahari hiyo haikuwa bure. Taifa changa lilihitaji kujilisha.

Ila nchi ile haikuwa tupu. Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarbaig miaka ya 1980, alieleza jinsi walivyokuwa wakizungusha mifugo yao katika aina mbalimbali za malisho. Bora kuliko zote ilikuwa muhajega, mabonde yenye rutuba, ambayo yalilishwa wakati wa mvua na kuachwa yapumzike kiangazi. Basi mtu aliyefika kiangazi na daftari lake aliona nini? Majani, upepo, na hakuna ng'ombe hata mmoja. Akaandika kwamba ardhi haitumiki. Kumbe alikuwa akitazama ghala lililofungwa, akadhani ni nyumba iliyohamwa.

Walikwenda mahakamani. Kijiji cha Mulbadaw kilishinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu. Ilisema kijiji hakikuwa kimegawiwa ardhi kisheria, na kwamba wanakijiji walioshtaki hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kwa mkoloni. Nimeisoma hoja hiyo mara kadhaa. Miaka zaidi ya ishirini baada ya uhuru, mtu anatakiwa athibitishe kuwa ni mwenyeji mbele ya kaburi la babu yake!

Na makaburi yalikuwepo. Mbarbaig aliyeheshimika huzikwa kwa bung'ed: kichuguu cha udongo na miti kinachoinuliwa hatua kwa hatua kwa miezi 9 hivi, hata kuzidi kimo cha mtu, huku ukoo ukikusanyika. Vizazi hurudi pale kuomba. Trekta haikijui kichuguu. Mengi yalilimwa pamoja na nyasi, na ngano ikaota juu yake.

Wakanada waliondoka miaka ya 1990, NAFCO nayo ikafa. Mashamba mengine yaliuzwa, mengine yakarudi vijijini. Mzee tuliyemkuta kando ya barabara, amevaa shuka na kushika fimbo, alituonyesha kwa fimbo ile mahali alipozikwa babu wa mke wake. Tulipotazama tuliona mahindi tu. Nikamuuliza amejuaje ni pale. Akanitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wa mwaka wa kwanza, akasema, "Mwalimu, wewe hujui lilipo kaburi la babu yako?"

Tulimalizia Katesh, chini ya Mlima Hanang. Alama za Desemba 3, 2023 bado zinaonekana: mvua kubwa ilimegua sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu, na tope pamoja na mawe yakashukia mji na vijiji kama Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa. Mawe mengine ni makubwa kuliko gari letu, nayo yamekaa katikati ya viwanja vya watu, na maisha yanaendelea kuyazunguka. Mama mmoja alikuwa ameanika mtama juu ya moja.

Mlima una zaidi ya meta 3,400, na magoti yangu yalikwisha kutoa uamuzi. Mpwa wangu alipanda na kiongozi wa njia tangu alfajiri, akarudi jioni viatu vimejaa vumbi. Alisema upande wa kaskazini aliliona Ziwa Balangida, jeupe kwa magadi, na mbali magharibi akaona mashamba ya Basotu yamekatwa miraba miraba, imenyooka kama daftari la hesabu. Alijaribu kutafuta mraba wa yule mzee, asiupate.