Nani Aamue Mchanganyiko: Kabureta za Pikipiki za Zamani, kutoka Birmingham hadi Vijiwe vya Bodaboda

Chukua bisibisi, tafuta skrubu ndogo ubavuni mwa kabureta ya Triumph ya miaka ya 1960, uikaze robo mzunguko. Injini ikiwa inanguruma polepole, pikipiki ikiwa imesimama, itapata petroli nyingi zaidi, kwa sababu skrubu hiyo huziba njia ya hewa. Fanya vivyo hivyo kwenye Honda ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na utapata kinyume chake: skrubu iko upande wa injini, nayo huziba petroli. Fundi anayehama kutoka mila moja kwenda nyingine bila kuuliza ataharibu mlio uleule aliokuja kuutengeneza. Nyuma ya skrubu hizo mbili kuna swali ambalo kila nchi ililijibu kivyake: nani aachiwe kuamua kiasi cha petroli?

Waingereza walimwachia mwendeshaji. Amal, kampuni iliyoundwa Birmingham mwaka 1927 kwa kuunganisha watengenezaji watatu wa kabureta, ilitawala pikipiki za nchi hiyo kwa miongo. Ndani ya kabureta yake mna slaidi inayopandishwa na waya wa mkono wa kulia. Ukivuta mafuta kwa pupa, slaidi hupanda kwa pupa hata kama injini haijawa tayari kwa hewa hiyo. Ikikohoa, mkono ndio uliokosea. Asubuhi ya baridi unabonyeza kitufe kinachozamisha floti mpaka petroli ifurike, na dalili ya kwamba imetosha ni vidole vilivyolowa. Triumph Bonneville ya 1959 ilipokuja na kabureta mbili, kuzilinganisha kulikuwa kazi ya sikio. Unachomoa waya wa plagi moja, unasikiliza silinda iliyobaki ikihangaika peke yake, kisha unageukia ya pili.

Hata hivyo, tusiwafanye Waingereza kuwa watu wa kubahatisha. Namba iliyo kwenye jeti kuu ya Amal ni kipimo cha mtiririko, yaani sentimita za ujazo za petroli zinazopita kwa dakika moja, ilhali ya kabureta za Keihin za Japani hufuata upana wa tundu lenyewe. Jeti ya 200 ya huku si jeti ya 200 ya kule. Udhaifu wa Amal ulikuwa kwenye metali zaidi kuliko kwenye hesabu. Katika kabureta yake ya Concentric, iliyotoka mwaka 1967, slaidi na mwili wake vyote ni vya aloi ya zinki. Vikisuguana miaka kadhaa, hewa hupenya pasipotakiwa na injini haitulii. Wengi huzungusha skrubu wiki nzima wakati dawa ni slaidi mpya.

Japani ilichagua kutouamini mkono kiasi hicho. Katika Honda CB450 ya mwaka 1965, mwendeshaji hufungua kilango tu, na slaidi hupandishwa na mvuto wa hewa wa injini yenyewe. Mkono unaomba, injini inajipimia kadiri inavyoweza kupokea. Inafaa kukumbuka kwamba wazo hilo lilizaliwa Uingereza. Kabureta za SU zililitumia kwenye magari tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Triumph wenyewe waliifunga SU kwenye Thunderbird ya miaka ya 1950 kabla ya kurudi kwa Amal. Walikuwa nalo mkononi wakaliacha. Wajapani wakaliokota na kulifanya kanuni.

CB750 ya mwaka 1969 ilipoleta silinda nne na kabureta nne, sikio lilizidiwa. Zikaja geji nne za mvuto, mishale yake ikitakiwa kusimama mahali pamoja, na kitabu cha kiwanda kikitaja mizunguko ya kila skrubu. Wanaouita utaratibu huu baridi, mimi sikubaliani nao. Una adabu yake: kazi ya fundi mmoja inaweza kukaguliwa na kurudiwa na mwingine ambaye hawajawahi kuonana. Adabu hiyo hudai pia zana zake. Skrubu za msalaba za Kijapani zimechongwa kwa kipimo chao, na bisibisi ya Kizungu huruka na kuzikwangua vichwa. Spana ya Kiingereza ya zamani nayo huandikwa kipenyo cha bolti, wala si upana wa kichwa inachokishika. Marekani ilipoanza kubana moshi wa pikipiki za mwaka 1978, viwanda vilianza kuziwekea skrubu za mchanganyiko vizuizi, na baadaye kuzifunika kabisa. Mkono ukawa umefungiwa nje.

India inavuruga mgawanyo huu, na ndiyo sababu inanivutia kuliko zote. Jeshi lake liliagiza Royal Enfield Bullet mwaka 1954, na mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya kuziunda Madras. Kiwanda mama cha Redditch, Uingereza, kilifungwa, Madras iliendelea. Kwa hiyo pikipiki ambayo Uingereza hufutwa vumbi kwa ajili ya maonyesho, pembezoni mwa Delhi ilibeba madebe ya maziwa. Kabureta ya Bullet za baadaye ilikuwa Mikcarb, iliyotengenezwa India kwa ushirikiano na Mikuni ya Japani. Na Mikuni, zamani, ilijifunza kazi kwa leseni ya Amal. Ubunifu wa Birmingham ulipitia Japani ndipo ukarudi kwenye pikipiki ya Kiingereza, ndani ya India. Wanaklabu wa Uingereza wanaomzomea mwenzao kwa kuifunga Mikuni kwenye Bonneville wanamzomea mwanafunzi wa Amal.

Mistri, yaani fundi, wa Delhi hufanya kazi kwa sikio kama Mwingereza, ila barabara zake humdai zaidi. Bullet inayopanda Ladakh hupita milima inayozidi mita 5,000, ambako hewa ni nyepesi na petroli ya bondeni huwa nyingi mno. Hapo sindano iliyo kwenye slaidi hushushwa daraja moja ili kupunguza petroli. Anayetoka Mombasa kwenda Nairobi, mita 1,700 na kitu juu ya bahari, hukutana na jambo hilohilo kwa kiasi kidogo.

Kwetu, bodaboda nyingi hubeba injini yenye asili ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, iliyobuniwa ivumilie kukosa matunzo, kisha ikaigwa China. Injini ni ya Kijapani kwa ukoo, lakini kabureta kwa kawaida ni ya slaidi inayovutwa na mkono, na fundi huisikiliza kama mwenye Bonneville. Tofauti ni muda. Mwenye Bonneville ana Jumapili yake. Mwendesha bodaboda ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Jeti ikiziba, fundi huizibua kwa uzi mmoja wa waya wa klachi. Vitabu vya Kiingereza vinakataza, kwa kuwa chuma hupanua tundu la shaba na namba ikabaki ya uongo. Vitabu viko sahihi, lakini viliandikwa kwa msomaji anayeweza kungoja jeti mpya iletwe na posta.

Sasa petroli yenyewe inabadilika. Uingereza iliingiza E10, petroli iliyochanganywa na ethanoli, mwaka 2021, na India ilianza kuuza E20, yenye ethanoli zaidi, mwaka 2023. Ethanoli huja na oksijeni yake, hivyo mchanganyiko uliokuwa sawa huegemea upande wa hewa, na mipira ya zamani huweza kulainika. Namba za jeti za zamani zinahitaji kupimwa upya, kwa E20 hasa: Mwingereza atatazama rangi ya plagi, mwenye CB750 ataagiza jeti kubwa zaidi kwa namba, na mistri ataipandisha sindano kisha aijaribu barabarani.