Mwingiliano wa Waifai: Kupokezana na Kupandana

Mtu anayeishi kwenye maghorofa ya Kariakoo, au ya Pipeline kule Nairobi, akifungua orodha ya waifai kwenye simu yake hukuta majina ya majirani yamejipanga kutoka juu mpaka chini ya kioo. Kila jina ni ruta inayorusha mawimbi yanayopenya kuta zilezile. Usiku, watu wakisharudi kutoka kazini, video zinaanza kukwama na lawama zote zinamwendea muuza intaneti. Mara nyingine anastahili. Lakini ukichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya ukakuta kasi ni ileile unayoilipia, ujue tatizo liko hewani, na tumezoea kuliita mwingiliano.

Neno si geni. Wasikilizaji wa redio husema stesheni zinaingiliana pale sauti ya moja inaposikika chini ya nyingine. Ila mwingiliano hutumika pia kwa watu wanaochanganyikana na tamaduni zinazokutana, kwa hiyo nashauri tuseme kwa ukamilifu: mwingiliano wa mawimbi. Hata hapo bado hatujafika, kwa sababu waifai ina mwingiliano wa namna mbili, na kinachotibu mmoja huuzidisha mwingine.

Kwanza chaneli. Waifai ya gigahezi 2.4 imegawanywa chaneli 13 katika nchi nyingi, 11 kule Marekani. Wapo watakaopendelea kuiita mkondo, lakini mkondo tayari una kazi ya umeme na maji, na idhaa ni mali ya watangazaji. Chaneli imeshakaa midomoni mwa watu kupitia televisheni, iachwe hapo. Tatizo ni mazoea yanayokuja nayo. Mtazamaji wa televisheni anaamini chaneli ya 3 na ya 4 ni vitu viwili mbalimbali, wakati kwenye waifai zimelaliana. Kitovu cha chaneli ya 1 ni megahezi 2412, cha ya 2 ni 2417, cha ya 3 ni 2422: hatua ya megahezi 5 tu. Ruta nayo, inaporusha, hutanda upana wa megahezi 20 hivi. Ukiiweka kwenye chaneli ya 3 inawagusa walio kwenye 1, na upande wa pili inawagusa walio kwenye 6. Chaneli tatu zinazokaa bila kugusana ni 1, 6 na 11.

Sasa zile namna mbili. Ruta mbili zikiwa kwenye chaneli moja, zinasikiana. Kanuni ya waifai inakitaka kila chombo kisikilize kabla ya kurusha. Kikikisikia kingine, kinasubiri zamu. Kasi inagawanyika, lakini ujumbe unafika mzima. Hali hii naiita kupokezana chaneli. Namna ya pili ni ya chaneli zilizolaliana: ruta ya chaneli ya 3 haiwezi kuisoma ile ya chaneli ya 1. Inachosikia ni kelele, na kelele hiyo isipokuwa kubwa, haisubiri. Inarusha juu yake. Ujumbe unaharibika, unatumwa upya, unaharibika tena. Huku ni kupandana kwa chaneli. Kiswahili kina vitenzi hivi viwili tayari, na sioni kwa nini tuvifunike vyote kwa neno moja.

Tofauti hii ina faida mkononi. Programu za simu zinazoonyesha waifai za jirani humchorea mtu chaneli ya 3 au ya 8 ikiwa haina mwenyewe, naye anaikimbilia akidhani amepata uwanja. Amejiingiza kwenye kupandana na pande zote mbili. Ni heri akae kwenye 6 pamoja na jirani, wapokezane. Kati ya 1, 6 na 11, achague ile ambayo mawimbi ya majirani yanamfikia yakiwa dhaifu zaidi: kipimo cha -85 ni dhaifu, -45 ni jirani wa ukutani. Halafu afungue ukurasa wa ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1 (anwani na nywila huwa zimebandikwa kwenye ruta yenyewe), aitoe chaneli kwenye uchaguzi wa moja kwa moja, na upana auweke megahezi 20. Kwenye ghorofa lililojaa ruta, upana wa 40 ni kuwanyima majirani hewa na kujinyima mwenyewe.

Ipo pia kelele isiyotoka kwenye waifai yoyote. Mikrowevu ya jikoni hufanya kazi karibu na megahezi 2450, na mawimbi yanayovuja kutoka humo hayasubiri zamu ya mtu. Dawa yake ni kuihamisha ruta mbali na jiko.

Chaneli zote tatu, 1, 6 na 11, zikiwa zimejaa, vifaa vinavyoweza vihamie gigahezi 5. Mawimbi yake huzuiwa zaidi na kuta, kwa hiyo ya jirani yanakufikia kidogo, na namba zake zimepangwa kwa busara: 36, 40, 44, 48, kila moja ikiwa na megahezi 20 zake kamili. Isipokuwa ruta nyingi huja zimewekwa upana wa 80, unaozibeba zote nne kwa mpigo. Wa ghorofa ya juu akifanya vivyo hivyo, mmerudi kupokezana.